Uso wa Manasseh Kwenye Jiwe

Ubaya aliofanyiwa Kemuma ni huu. Walter Obwocha, mzee wa kanisa na mwenye duka karibu na Ekerenyo, alimtuma mtu kwa uongo akachukue uso wa mumewe ambao Kemuma mwenyewe alikuwa ameuchonga kwenye jiwe. Akauunganisha uso huo na mwili wa mwanamume aliye uchi, ameketi kwenye kitanda cha mwanawe, akaichapa picha hiyo na kuitawanya sokoni. Mume aliitwa Manasseh. Mwana anaitwa Abner. Kwa sababu ya picha ile baba na mwana hawakuketi tena chini ya paa moja, na baba akafa hivyo. Wako watu Ekerenyo watakaokuambia kwamba yalikuwa mambo ya siasa, utani wa karatasi. Hao hawakuzika mtu.

Kemuma hakuzaliwa Ekerenyo. Alizaliwa mbali kusini, upande wa Nyamarambe, kwenye vilima ambako watu huchimba jiwe la sabuni, lile jiwe laini linalokatika kwa kisu kama muhogo likiwa bado na maji ya ardhini. Huko kazi iligawanywa tangu zamani: wanaume wanachimba na kuchonga, wanawake wanasugua. Msichana akipata nguvu ya kubeba beseni la maji, anapewa beseni na kitambaa, anasugua bakuli mpaka vidole vinakuwa vyeupe kama vya maiti. Kemuma angesugua maisha yake yote kama macho ya baba yake yasingeingia ukungu. Mzee alianza kukosea. Alikata sikio la tembo, akatoboa bakuli chini. Hakuwa na mtoto wa kiume nyumbani. Ikawa Kemuma anachonga ndani, mlango umefungwa, na baba yake anakaa nje na kisu mkononi ili wapita njia waone kwamba kazi ni yake. Shule hakwenda. Angekwenda, nani angeshika kisu?

Alipoolewa kaskazini, alishuka kwenye basi na gunia la mawe. Huko Ekerenyo watu wanajua ndizi, pareto na majani ya chai, mawe hawayajui.

“Kwenu hakuna mahindi?” mama mkwe wake alimwuliza akilitazama gunia.

“Yapo, mama.”

“Na ukaona utuletee haya tuyapike.”

Lakini mabakuli yake yaliuzwa mjini Kisii, kwa Mariam, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na duka la vyombo na vitambaa karibu na soko. Mama mkwe akaacha maneno. Kemuma akazoea kuchonga nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na kila alipokwenda kwao alirudi na jiwe jingine.

Manasseh alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa. Alikuwa mrefu, na kovu la utotoni kwenye shavu, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulivunjika akaufunga kwa uzi mweusi. Mwanzoni aliandika nyimbo na masomo ya watoto. Kisha wakaja wapima mashamba, katikati ya miaka ya sitini, na Manasseh akaona jinsi wazee wa kanisa walivyoshika mnyororo wa kupimia. Mjane alikwenda kulala na shamba, akaamka na ua wa nyumba tu. Manasseh akaandika kijitabu. Alisema mtu anayehamisha mpaka wa mjane siku za kazi asiinue kikombe cha Bwana siku ya ibada. Alisema Mungu hamhitaji mzee wa kanisa asimame katikati kama karani. Alisema mwanamke anayeomba akisaga wimbi anasikika sawa na aliye mimbarani, na kwamba akitaka kupanda mimbarani apande. Manasseh alimtaja Obwocha kwa jina, na shamba ambalo Obwocha alilichukua akalitaja kwa mto wake na miti yake.

Kanisa lilimfukuza, shule ikamfukuza. Aliendelea. Alichapa vijitabu kwa mashine ya kuazima huko Kisii, na vikauzwa kwenye vituo vya mabasi, na watu wakavisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Kemuma alikuwa miongoni mwa wasiojua. Alijua maneno ya mumewe kwa kuyasikia vinywani mwa watu wengine. Hilo lilimuuma, ingawa hakumwambia mtu.

Obwocha hakuweza kumjibu kwa maneno, kwa hiyo akatafuta picha. Ghafla mlangoni pa posho mill, kinu cha kusagia mahindi, na mahali wanapopimia majani ya chai, zikaanza kubandikwa karatasi zenye picha nyeusi zilizochapwa. Moja ilimwonyesha Manasseh akiwa ndege mkubwa mwenye miwani, ametua juu ya paa la kanisa, anataga vitabu badala ya mayai. Nyingine ilimwonyesha akiwa mbuzi mwenye koti la mhubiri, anatafuna Biblia, na kwenye mkia wake wamefunga bendera ya nchi ya kigeni. Nyingine ni nzige. Watoto wa shule waliokuwa wanafunzi wake walimlilia “mee” njiani.

Manasseh alizibandua taratibu zisichanike, akazitundika ukutani.

“Mong'ina, njoo uone,” alimwita mkewe, kwa jina ambalo wanaume wa huko huwaita wake zao waliozeeka nao. “Leo nimekuwa mbuzi.”

“Na wewe unacheka.”

“Miwani wameipatia. Hata uzi wameuona. Huyu mchoraji ana jicho.”

“Jicho gani? Hiyo pua si yako. Hayo masikio si yako. Wangempeleka huyu mbuzi kwa mama yako aliyekuzaa, angemfukuza shambani.”

“Ndiyo maana nacheka,” Manasseh akasema. “Wanamtukana mbuzi.”

Abner naye alicheka. Alikuwa mtoto wao wa kwanza, ameoa karibuni, amejenga nyumba yake chini kidogo ya ile ya baba yake kama inavyotakiwa, na alikuwa na baiskeli yenye kiti cha nyuma, ambayo pale kijijini ilikuwa peke yake. Jioni alikuja kwa baba yake kula, wakaziangalia picha pamoja na kuzipa majina. Kemuma akiwasikia wawili hao wakicheka, aliona kwamba Obwocha anapoteza wino wake bure.

Siku moja Manasseh akiwa amekwenda Kisii, kijana mmoja alifika nyumbani. Alikuwa nadhifu, mwenye heshima, vidole vyake vina madoa ya rangi. Alisema anaitwa Cleophas. Kemuma akampa maziwa.

“Mama Abner, wasomaji wa mzee kule mjini wamenituma,” alisema. “Kuna kitabu kipya kinakuja. Tunataka uso wa mzee uwe mbele, kwenye jalada. Wanamchora mbuzi kila siku. Sasa watu waone uso wa mtu mwenyewe.”

“Si mpige picha?”

“Picha ya kamera haikubali kwenye mashine yetu. Inataka kitu kilichochongwa, kipakwe wino. Mimi nakata raba ya soli za viatu, lakini raba haishiki uso. Tulipoona mabakuli yako kwa Mariam, tukasema, huyu mama akichonga kwenye jiwe bapa, itatoka.” Akamweleza kwamba panapoachwa juu hushika wino, panapochimbwa hubaki peupe. “Shingo iache ikatike sawa chini. Hapo tutaweka maneno. Na usimwambie mzee. Tunataka akione kitabu ashangae.”

Kemuma hakuuliza zaidi. Aulize nini? Alikwisha kukiona kitabu hicho akilini. Kwa mara ya kwanza mumewe angeandika kitabu, na yeye asiyejua herufi moja angekuwa na ukurasa wake ndani yake, ukurasa ambao kila mtu angeusoma kwanza.

Alichagua jiwe jeupe lisilo na mshipa. Alilifunika kwa gunia lililolowa maji migombani, akalifunua Manasseh alipoketi mlangoni kuandika, kwa sababu hapo alikaa vile vile kila siku, mdomo umekwenda upande mmoja kama mtu anayeonja chumvi. Alichonga mdomo huo. Alichonga kovu, na uzi wa miwani, na mkunjo ule wa chini ya jicho uliokuja baada ya kufukuzwa shuleni. Jiwe likawa linamtazama. Kemuma alijua kwamba hajawahi kufanya kazi kama ile, na kwamba baba yake mwenyewe, enzi za macho yake mazuri, hakuifanya. Cleophas alipokuja kulichukua alilishika kwa mikono miwili.

“Ni yeye,” akasema.

“Ni yeye,” Kemuma akajibu.

Wiki chache baadaye Kemuma alipeleka mabakuli Kisii. Mariam alipomwona mlangoni alizunguka meza akamshika mkono.

“Kaa kwanza, dada. Kunywa chai.”

“Tangu tujuane hujawahi kunipa chai kabla hujayagonga mabakuli yangu kuona kama yana ufa.”

“Leo nakupa. Kaa.”

“Kuna nini, Mariam?”

Mariam alivuta karatasi kutoka chini ya vitambaa. Alitaka kuieleza kwanza, lakini Kemuma aliichukua.

Ulikuwa uso wa mumewe, kazi ya mkono wake. Kovu lilikuwa limehamia shavu la pili kama ilivyo mtu akijitazama kwenye maji, lakini mdomo ulikuwa ule ule, na uzi, na mkunjo. Chini ya shingo palikuwa na mstari mwembamba mweupe, na chini ya mstari huo mwili ambao yeye hakuuchonga, mwili wa raba, mnene, uchi, hauna hata kitambaa. Ulikuwa umeketi kwenye kitanda. Kando ya kitanda ilikuwepo leso ya mwanamke kijana, imetundikwa. Na ukutani iliegemezwa baiskeli yenye kiti cha nyuma.

“Soma,” Kemuma alisema.

“Maneno ya kijinga tu.”

“Soma, Mariam. Sijui herufi, lakini mimi si kipofu.”

Mariam akasoma kwa sauti ya chini: “‘Nabii amemtembelea mwanawe.’” Akaikunja karatasi. “Dada, kwetu haya ni matusi, mtu anatukanwa, anatema mate, anaendelea. Wewe mbona umekuwa hivyo? Kwenu ni nini?”

Kwa Wagusii kuna heshima inayoitwa chinsoni, inayomtenga baba na mwanawe. Mwana akishaoa, baba haingii ndani ya nyumba yake, sembuse kukiona kitanda. Hawaonani miili. Hata neno la utani wa usiku halitamkwi wakiwa wote wawili. Ikivunjwa, hawawezi kula pamoja wala kuketi pamoja mpaka aliyeivunja alete mbuzi, achinjwe mbele ya wazee, na aseme kwa kinywa chake alichofanya. Mtoto wa Kigusii analijua hili kabla hajajua kuhesabu.

“Kwetu,” Kemuma alisema, “ni afadhali wangechoma nyumba.”

Mariam ndiye aliyemwambia anayezichapa. “Ni yule kijana wa mabango, kando ya kinyozi. Analipwa na mzee wenu mmoja wa huko, Obwocha. Kila mtu hapa anajua.”

Kemuma aliyaacha mabakuli, akaenda. Cleophas alikuwa juu ya ngazi, anachora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Alipomwona hakushuka.

“Jiwe langu liko wapi?”

“Liko kwa Obwocha.”

“Ulikunywa maziwa yangu ukasema wasomaji.”

“Mama, mimi nachora ninachoambiwa. Juzi nimemchora Yesu kwa ajili ya kanisa, leo namchora ng'ombe kwa ajili ya bucha. Yesu hakulalamika. Ng'ombe ndiye huyu, muulize.”

“Na wewe ni Mgusii?”

“Ni Mgusii.”

“Hujui maana ya kitanda cha mwana?”

Cleophas alichovya brashi, akaichovya tena. “Najua. Nilimwambia Obwocha kitanda kinatosha, tumwachie mzee suruali. Akasema bila hilo haitauma.”

“Njoo Ekerenyo useme hayo mbele ya wazee.”

“Nije nipigwe na nani, na watu wako au na watu wake?” Akageukia pembe za ng'ombe wake. Mwisho wa mwezi huo alihama, wengine wanasema yuko Nakuru, na Kemuma hajamwona tena.

Kemuma alipofika nyumbani mambo yalikwisha kuharibika. Abner alikuwa ameiona karatasi mahali pa kupimia chai, gunia mgongoni, mbele ya majirani na mbele ya kaka za mkewe. Hakuja kula jioni hiyo, wala kesho yake. Mkewe alikwenda kwao. Manasseh alikaa mlangoni pake bila kuandika. Kemuma alimweleza yote, jiwe, kijana, maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe ni mkono wako,” akasema. “Nilidhani shetani amejifunza.”

Wazee wa ukoo walikutana uani kwa Onchiri, mkubwa wao. Manasseh aliwekwa upande mmoja na Abner upande mwingine, amegeuza mgongo, na kati yao wakaketi wazee. Obwocha, aliye wa ukoo huo huo, alikuja na kiti chake mwenyewe cha kukunja.

Mzee mmoja alianza kwa kusema kwamba karatasi haivunji chinsoni. “Karatasi ni ya kuwashia moto. Tulipoletewa mbuzi hatukuita mtu. Tulipoletewa nzige hatukuita mtu.”

“Mbuzi alikuwa mbuzi,” Onchiri akasema. Akampa ile karatasi. “Tazama huyu. Ukikutana naye njiani utampita bila kumwamkua?”

Mzee yule akatazama, kisha akaigeuza kifudifudi kwenye goti lake.

“Abner,” Onchiri akaita. “Uliona?”

“Niliona.”

“Ulimjua ni baba yako?”

“Nilimjua kabla sijajua kwamba ni karatasi.”

Hapo ndipo jambo lilipokatika. Kama Kemuma angechonga vibaya, kama angekosea mdomo tu, mwanawe angekuwa ameona picha. Kwa kuwa alichonga vizuri, mwanawe alikuwa ameona baba.

“Nani alifanya uso huu?” Onchiri akauliza.

Kemuma alisimama nyuma ya wanawake. “Uso nilichonga mimi. Kwa ajili ya kitabu. Aliyeleta mwili na kitanda ni huyo aliyekalia kiti cha kukunja.”

“Mimi?” Obwocha akasema. “Mimi hata kuku siwezi kuchora. Niulizeni mambo ya maandiko. Na huyu mama anasema kitabu. Kitabu anakijua upande gani wa juu na upande gani wa chini?”

Baadhi ya wazee walicheka. Manasseh hakuinua macho.

“Mwiteni kijana aliyetumwa naye,” Kemuma akasema.

“Yuko wapi?”

“Kisii.”

“Kisii si kwetu, hatuna uwezo wa kumwita mtu wa huko,” Onchiri akajibu. Wakainamiana, wakanong'ona, na wakatoa uamuzi wao. Uso ndio uliovunja, si mwili, maana mwili ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Uso umetoka mkononi mwa Kemuma. Basi Kemuma alete mbuzi, kwa mkono wake, aseme kwamba yeye ndiye aliyemfunua mumewe mbele ya mwanawe, na mambo yaishe.

“Mbuzi ninaye,” Kemuma akasema. “Yuko pale nyumbani anakula maganda ya ndizi. Nikimleta hapa, wajukuu zangu watakua wakiambiwa bibi yao ndiye aliyemvua babu yao nguo. Na huyo atakunja kiti chake aende kunywa chai.”

“Mosubati, mwanamke wewe, mbuzi ni mdogo,” Onchiri akasema.

“Kama ni mdogo, amlete Obwocha.”

Kemuma hakumleta mbuzi. Watu walikwenda kumsihi, kwa zamu. Dada za Manasseh walikuja, wakasema ukaidi umemwingia kutoka kwenye mawe ya kwao. Mwishowe alikuja kusema Manasseh mwenyewe, wakiwa wanaondoa majani makavu ya migomba.

“Mlete mbuzi, mong'ina. Ni nyama tu.”

“Si wewe uliyeandika kwamba mtu asiungame kosa lisilo lake hata kama ni kanisa zima linamtaka aungame? Watu walinisomea. Nilikuwa nimesimama sokoni na kikapu changu, wakanisomea.”

“Ni mimi.”

“Ulikuwa unasema uongo?”

“Niliandika nikiwa na mwana,” Manasseh akasema.

Kemuma aliendelea kuvuta majani. Mbuzi hakumleta. Manasseh hakumlazimisha, na yeye mwenyewe asingeweza kumpeleka kwa niaba yake. Aliirudisha mashine ya kuazima. Zile picha za ndege na mbuzi na nzige alizitoa ukutani akazichoma jikoni, na tangu siku ile hakuandika hata wimbo wa watoto. Hicho ndicho Obwocha alichokuwa anakitafuta, naye alikipata kwa kazi ya jioni chache za mwanamke.

Abner alikwenda Kericho kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Mkewe alimfuata huko. Walipozaa, mtoto hakuletwa kwa babu yake, kwa maana angebebwa na nani kuingia mlango ule? Manasseh alikohoa kwa miaka miwili. Alikuwa akiuliza kila basi lililopita barabara ya chini lilitoka wapi. Alikufa mwaka wa sabini na tatu, wakati wa mvua za masika.

Kwao mwana wa kwanza ndiye anayepiga jembe la kwanza kwenye kaburi la baba. Abner alikuja, lakini alisimama nje ya ua, katika migomba, kofia mkononi, na jembe la kwanza likapigwa na mwana wa kaka ya Manasseh. Kemuma alikuwa akitazama pande mbili, mbele kwenye udongo na nyuma kwenye migomba. Mtu akamwambia alie. Hakulia. Abner aliondoka kabla ya watu kula.

Kumbe mambo hayakuishia hapo. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, na Obwocha alitaka udiwani. Marehemu huwa hana adui. Watu waliomlilia Manasseh “mee” walikuwa sasa wakisema alikuwa mtu wa kweli, mtetezi wa wajane, na vijitabu vyake vilivyobaki vilikuwa vikiazimwa nyumba kwa nyumba. Obwocha aliliona hilo haraka kuliko wengine. Zikatoka karatasi zake za kuomba kura, na juu ya kila karatasi ulikuwa uso wa Manasseh, peke yake, mzuri, mdomo umekwenda upande. Chini ya shingo, pale kwenye mstari mnyoofu, palikuwa na maneno. Mariam alimsomea: “‘Mwandishi wetu. Obwocha anafuata nyayo zake.’”

“Dada, niichane?” Mariam akauliza.

“Hapana. Nipe.”

Alikwenda nayo moja kwa moja kwa Onchiri, mzee akiwa anaota jua uani, miguu imefunikwa blanketi.

“Tazama, mzee. Uso ule ule. Jiwe lile lile. Mlipouliza nani ana mkono katika jambo hili, huyu alisema hajui kuchora kuku. Sasa jiwe limetoka wapi?”

Onchiri aliisogeza karatasi karibu na macho. Aliitazama muda mrefu. “Limetoka kwake,” akakubali.

“Basi mwite.”

“Mama Abner. Manasseh amekwisha kufa. Mbuzi wa nini sasa?”

“Wa Abner. Yeye hajafa. Hajui kaburi la baba yake linatazama wapi. Ana mtoto ambaye hajakanyaga ua huu.”

“Obwocha atakuwa diwani,” Onchiri akasema. “Kuna barabara tumeahidiwa. Ngoja uchaguzi upite.”

Uchaguzi ulipita. Obwocha alishinda kwa uso ule. Barabara ilifika mlangoni kwake ikaishia hapo. Kemuma alikwenda tena kwa Onchiri, naye akasema angoje mavuno, kisha angoje mvua, kisha akaanza kujifanya hasikii. Dada za Manasseh wanasema mwanamke gani huyu, angemleta mbuzi wake zamani angekuwa na mjukuu mapajani. Huenda ni kweli angekuwa naye. Kemuma amelifikiria hilo mara nyingi kuliko wao. Lakini mjukuu huyo angekaa mapajani mwa mwanamke aliyeungama mbele ya ukoo mzima kosa la Walter Obwocha, na Obwocha angekuwa wa kwanza kuja kumpongeza kwa unyenyekevu wake.

Bado anachonga mabakuli. Uso hajachonga tena, hata wa ndege. Abner humtumia sukari na salamu kwa watu wanaotoka Kericho, na wakikutana wanakutana Kisii, dukani kwa Mariam, wanakaa kwenye viti vya duka kama wateja. Mtoto anamwita bibi. Nyumbani kwa baba yake Abner haendi, maana mbuzi hajachinjwa.

Kwa hiyo deni lipo, na miaka haijalipunguza. Cleophas, popote alipo, anadaiwa kurudi na kusema alitumwa na nani. Onchiri na wazee wake wanadaiwa kikao, kwa kuwa walimhukumu mwanamke kwa haraka na kutoka kwa mwenye hatia wanangoja barabara. Lakini mdaiwa mkubwa ni Walter Obwocha, diwani, mzee wa kanisa, mzima wa afya. Anadaiwa mbuzi mmoja, amlete kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kutuma mtu. Anadaiwa maneno, ayaseme uani kwa Onchiri, Abner akisikia: kwamba kitanda alikileta yeye, na uchi aliuleta yeye, na kwamba mwanamke alichonga uso tu. Na anadaiwa jiwe. Liko nyumbani kwake, na wino wa kura zake haujaoshwa.